Kabla ya kupanda kipimo cha nne, shuka kwanza

Ijumaa moja nilitoka msikitini hapa Lamu nikakuta nimeachiwa makubadhi mawili, yote ya kushoto. Moja langu. Lile la kulia lilikuwa limeshaondoka na mtu mwenye haraka zake, Mungu amsamehe. Nikarudi mtaani kwetu Langoni nikichechemea, kidole gumba cha kulia kikining'inia nje ya ngozi.

Mpwa wangu wa darasa la saba alinicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mjomba, si uligeuze tu hilo moja?" Akachora soli ya kubadhi kwenye karatasi ya daftari, akaikata kwa mkasi, akaiweka mezani, akaipindua. Ya kushoto ikawa ya kulia.

Nimesoma habari za vipimo kwa miaka, na sijaona maelezo yaliyoishinda karatasi ile. Ina vipimo viwili tu, urefu na upana. Isukume juu ya meza, izungushe mpaka jua lizame, ya kushoto itabaki ya kushoto. Ili igeuke ni lazima uiinue, ipite hewani, yaani ipite kwenye kimo, halafu uirudishe. Kubadhi langu la ngozi lina kimo tayari. Kuligeuza liwe la kulia kunataka nafasi moja zaidi ya kulipitishia, na nafasi hiyo ndiyo hatuna. Mwanahisabati Mjerumani August Möbius aliliona jambo hili mwaka 1827: katika kipimo cha nne, umbo la kushoto lingeweza kugeuzwa likawa la kulia. Sidhani kama aliibiwa viatu.

Kama na wewe umevutiwa na mambo haya, ushauri wangu ni huu: usianze na kipimo cha nne. Mimi nilianza huko juu, nikapoteza muda mwingi. Nikiwa sekondari nilikuwa nikilala chali usiku, nimefumba macho kwa nguvu, nikijaribu kuuona huo upande wa nne, nikaambulia kuumwa na kichwa. Barazani mzee mmoja akaniambia huko ndiko wanakokaa majini, nami nikajaza daftari zima kwa nadharia hiyo. Majini ni jambo la imani na lina wenyewe wa kulizungumza. Hesabu za maumbo hazina la kusema juu yake. Halafu kuna wale watakaokukatiza wakwambie kipimo cha nne ni wakati. Katika fizikia ya Einstein wakati huhesabiwa pamoja na urefu, upana na kimo, ni kweli. Lakini ningeliacha kubadhi langu sebuleni miaka kumi, lingebaki la kushoto. Hapa tunazungumzia upande mwingine wa kwenda.

Basi shuka. Ondoa kimo, uone mji unavyoharibika.

Ukitembea mtaa wa Mkomani hapa Lamu utapita chini ya wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili. Bibi zetu walipita humo kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga ndia. Punda anapita chini na mawe yake, mwanamke anapita juu na sinia lake, wala hakuna anayemwambia mwenzake "simila". Sasa uchore mji huohuo kwenye karatasi na ukae ndani ya karatasi. Wikio ni ukuta. Njia mbili zikikutana zimekutana, mmoja asimame. Mkeka haupo, kwa kuwa ukindu husukwa kwa kupishana juu na chini, na huko hakuna juu wala chini ya mwenzake. Fundo halifungiki.

Na punda mwenyewe? Mchore ubavuni, mpe mdomo, mpe utumbo unaofika mpaka mkiani. Umeshamkata vipande viwili, mgongo huku, miguu kule. Labda aishi kama konyeza wa baharini, ambaye tundu la kulia chakula ndilo hilo la kutolea taka. Au nusu zake mbili zishikane kwa meno kama zipu, ziachiane pale chakula kinapopita na kushikana tena nyuma yake. Mishipa ya fahamu nayo haiwezi kupishana, ndiyo maana wengi walidhani ubongo hauwezekani huko, ingawa mwaka 2019 mwanafizikia James Scargill alitetea kwamba hata mitandao isiyopishana inaweza kuwa tata vya kutosha. Sauti nayo ingekuwa tabu. Kwetu mlio hufika na kupita. Kwenye vipimo viwili wimbi huacha mkia nyuma yake, kila neno likisikika linaburuta mabaki ya lililotangulia. Mnada wa samaki ungekuwa kichekesho.

Ukishazoea kushuka, geuza swali. Kilicho ukuta kwa mtu wa karatasi ni wikio kwangu. Je, kipi kilicho ukuta kwangu ni wikio kwa mwingine?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa na mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni, ingawa wao hunivumilia tu. Chukua jahazi jipya, mbao zimeshikana, kalafati haina kosa. Duara lililochorwa kwenye karatasi ni jela kwa mtu wa karatasi, lakini mimi naona ndani yake na natia kidole kutoka juu bila kugusa mstari. Vivyo hivyo, mtu wa vipimo vinne angeona ndani ya ngama, lile tumbo la chombo, bila kufungua chochote, na maji ya bahari yake yangeingia bila kupenya ubao hata mmoja. Jahazi letu lote lingekuwa wazi kwa upande ambao fundi hakuuziba kwa kuwa hakuujua. Niliposema haya, fundi mmoja akaniuliza kama huko watu wanapanda vyombo gani basi. Swali zuri. Wangehitaji chombo chenye ukuta wa aina nyingine, wenyewe una urefu, upana na kimo.

Kamba nazo zingewaponyoka. Fundo lolote la tanga ukilipeleka huko linafunguka bila kukatwa, kwa kuwa sehemu moja ya kamba inaikwepa nyingine kwa kupita upande wa nne. Kinachoweza kufungika fundo huko ni kitu kipana kama kitambaa. Wangefunga tanga kwa tanga.

Ukitaka kuona kitu kwa macho, usitafute video. Tengeneza mchemraba wa waya na uumulike kwa tochi ukutani usiku. Kivuli chake, ukiweka tochi karibu, ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, pembe zimeunganishwa. Hicho ni kivuli bapa cha kitu chenye kimo. Basi kivuli cha mchemraba wa vipimo vinne ni mchemraba mdogo ndani ya mkubwa, na huo unaweza kuutengeneza kwa waya uushike mkononi. Hesabu pembe: mstari una 2, mraba 4, mchemraba 8, na huu una 16. Nilikata waya 32 kwa kingo zake, na nilipomaliza ndipo nilipoacha kufumba macho usiku.

Kuishi huko ni suala jingine. Hapa mwezi ukiwa mbali mara mbili, mvuto wake unabaki robo. Kwenye vipimo vinne ungebaki thumni, moja ya nane, na mwanafizikia Paul Ehrenfest alionyesha mwaka 1917 kwamba kwa kanuni hiyo hakuna mzunguko unaodumu: ukisukumwa kidogo tu, mwezi unaanguka au unatoroka. Na bila mwezi hakuna bamvua, yale maji makubwa, wala maji mafu ya kuhesabia safari. Atomu nazo zinapata msiba wa aina hiyohiyo. Kwa hiyo wakazi wa vipimo vinne ninaowazungumzia nawakopesha tu sheria nyingine za mvuto, na ni vyema msomaji ajue kwamba nimewakopesha.

Nilimsimulia mpwa wangu yote haya siku niliponunua makubadhi mapya. Nikamwambia kwa watu wale viatu vyetu havina kushoto wala kulia, wangevigeuza kama yeye alivyogeuza karatasi. Akafikiri kidogo.

"Na viatu vyao wenyewe?"

Vyao vina vipimo vinne, nikasema, kwa hiyo navyo vina kushoto na kulia, na kuvigeuza kunataka kipimo cha tano.

"Basi nao huibiwa msikitini?"