Kabla Hujamvalisha Kauboi Wako Kofia

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo dada. Nasikia unaandika riwaya za mapenzi za makauboi na zinakulipa. Nami nataka. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa na ujumbe wako siku tatu. Jibu fupi ni hili: anza na ardhi, kisha ng'ombe. Jibu refu lina uchungu kidogo, univumilie.

Kwa wasiozijua, hizi ni riwaya za magharibi ya Marekani, hasa miaka ile baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha 1865. Wapo ndugu, watatu, wanne, hata saba, wana ardhi yao na ng'ombe wao, wagumu kama mpingo, na kila mmoja anapewa kitabu chake cha kupenda. Anaanza kaka mkubwa, yule aliyewalea wenzake baada ya wazazi kufa. Mwisho lazima wawili wapatane. Ukimuua bibi harusi ukurasa wa mwisho, wasomaji watakufuata na mapanga. Na msomaji anayemaliza kitabu cha kaka mkubwa awe tayari kashaanza kumpenda mdogo mtu, yule aliyekaa kanuna pembeni ya meza tangu sura ya pili. Huyo mnunaji ndiye anayeuza kitabu kinachofuata. Biashara yote iko hapo.

Mimi niliingia kwa mlango wa uani. Nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari, nikapata kazi mtandaoni ya uandishi kivuli: unaandika wewe, jina anaweka mteja. Dola 400 kwa kitabu cha maneno elfu hamsini. Usicheke. Hela ile ndiyo iliyoezeka bati nyumba ya mama.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Texas, mwaka 1867. Nilijiona nimefika. Shujaa wangu anajichana kiganja kwenye seng'enge, damu inachuruzika, binti wa jirani anachana pindo la sketi yake anamfunga, macho yanagongana. Sura nzima ile. Na mapenzi yote ya kitabu nikayajenga juu ya kidonda hicho: sura ya tisa binti anagusa kovu, sura ya kumi na nane analibusu. Mhariri wa mteja akanirudishia mswada na maneno machache tu: seng'enge iliyokuja kuzungushiwa mashamba yale ni ya Joseph Glidden, na hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ni ya Novemba 1874. Kwa hiyo shujaa wangu kajikata kwa kitu ambacho hakijazaliwa.

Nililia, sitaki kukudanganya. Mtu unatoa kidonda, kitabu kizima kinaporomoka.

Usiku ule nikamkumbuka baba mdogo, kule kwetu Bariadi, siku ya kupiga ndama chapa. Moto umeshakolea, chuma chekundu, ndama mmoja akachomoka na kamba. Baba mdogo hakuiachia. Kamba ikapita kiganjani mwake kwa kasi, nikasikia harufu kabla sijaelewa ni ya nini, na ngozi ikabaki nyeupe kwa muda kabla haijawa nyekundu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mmemkamata?"

Nikamfuta kauboi wangu seng'enge, nikampa kamba. Binti anakuja mbio, anamshika mkono, na yeye anauliza kama ndama kakamatwa. Binti anacheka huku machozi yanamtoka. Hapo ndipo anapompenda.

Kitabu kile kiko sokoni mpaka leo. Wasomaji wanamsifu "mwandishi" kwamba huyu ng'ombe anawajua kweli, na wapo wanaoinukuu ile "Mmemkamata?" ya baba mdogo. Mwandishi wao hajawahi kushika kamba ya ndama. Nilisaini mkataba mwenyewe, najua. Lakini kuna siku nafungua ukurasa ule nasoma sifa hizo moja moja kama mtu anayechungulia harusi ya mchumba wake.

Vitabu vilivyofuata sina cha kusimulia, ni kuandika na kungoja hela. Ila cha nne sitakisahau. Nilimweka msimamizi mweusi wa ng'ombe, mtu mzima mwenye akili, anayemfundisha mdogo wa mwisho kazi. Mteja akamtoa. "Wasomaji hawataamini." Hawataamini nini? Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba katika kila makauboi wanne, mmoja alikuwa mweusi. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, akaenda kuswaga ng'ombe magharibi, na maisha yake akayaandika kwa mkono wake mwenyewe. Nilimtumia mteja maelezo kurasa mbili. Akanijibu kwa kidole gumba.

Ndiyo siku niliyoacha.

Mfululizo wangu mwenyewe, wenye jina langu, uko Nicodemus, Kansas. Ni mji ulioanzishwa 1877 na watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa kule Kentucky. Waliahidiwa mji, wakakuta mbuga tupu. Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba wanaume walipiga kelele kuwa wamefika, yeye akawa anatazama haoni kitu. Kumbe nyumba zilikuwa mashimo yaliyochimbwa ardhini, kinachoonekana ni moshi tu unatoka chini. Akaanza kulia. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kuteka maji, na nilipopiga ndoo ya tatu nilikuwa nishawapata kaka zangu wanne: Elijah, Amos, Reuben na Josiah.

Sasa sikiliza, maana ushauri wenyewe ndio huu. Usianze na kifua cha kauboi, wala kofia, wala farasi mweusi. Anza na ardhi. Sheria ya ardhi ya Marekani ya 1862, iliyosainiwa na Rais Lincoln, ilimpa mtu ekari 160, ili mradi aishi pale na kulima miaka mitano. (Waliokuwa na ardhi hiyo kabla, Wapawnee na makabila mengine ya wenyeji, hawakuulizwa, nasi watu wa huku tunajua kuhamishwa maana yake nini, kwa hiyo usiandike kana kwamba mbuga ilikuwa haina wenyewe.) Kila ndugu alipe jasho kwenye ekari zake. Tayari umepata mwanamume mpweke kwenye kibanda chake, anayeona moshi wa kaka yake kwa mbali na hawezi kuhamia huko bila kuhatarisha haki yake. Sheria ndiyo imemtengenezea upweke. Wewe mlete mwanamke tu. Na mwanamke asiyeolewa mwenye miaka 21 naye aliruhusiwa kuchukua ekari zake, kwa hiyo usiniletee binti wa kuokolewa kila sura.

Ndugu zangu, tuache uvivu. Nikisoma miswada mnayonituma, kauboi anawasha tochi ya betri. Wote wanne wanaongea sauti moja, tofauti ni rangi ya macho. Soma. Ukishasoma andika, ukishaandika rudi usome tena, halafu muulize mzee yeyote aliyewahi kuchunga. Kama huna mzee, nenda mnadani ukasimame karibu na ng'ombe mpaka unuke. Najua hampendi kusikia, mnataka niwaambie dola ngapi.

Mdogo wangu uliyeniandikia, dola zenyewe bado si nyingi. Kitabu cha Reuben kimetoka mwezi uliopita, na sasa niko na Josiah. Ana miaka 19. Kaka zake watatu wana ekari 480 kwa pamoja, yeye hana hata moja, maana sheria inataka miaka 21 au uwe kichwa cha familia. Jana nimemwacha ofisi ya ardhi, kofia mkononi. Karani kamuuliza umri, akasema ukweli. Karani akafunga daftari. Josiah akamuuliza: na mtu akiwa na mke, je? Nyuma yake kwenye foleni kuna binti ameshika kikapu cha mayai, na amesikia.