Ethi ya gari inafikaje ardhini wakati matairi ni mpira? Jibu la fundi wa umeme wa magari

Mkuu, swali lako limenichekesha kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza fundi wangu hivyohivyo, akanijibu kwa kunituma spana namba 10. Umeuliza kwamba gari limesimama juu ya mpira, sasa hiyo ethi inaingiaje ardhini? Tena kama elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme kwenye waya, zinatokea upande wa hasi wa betri, mbona fyuzi na swichi zimejazana upande wa chanya? Na mwishoni ukagusia kwamba ukikanyaga breki mchana, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali. Hayo yote yana mzizi mmoja.

Ethi ya gari haifiki ardhini, wala haina haja ya kufika. Ni jina tu tulilolipa bodi. Hasi ya betri imefungwa kwa bolti kwenye bodi na kwenye injini, halafu taa, honi na mota ya waipa kila kimoja kinaletewa waya wa chanya, kurudi kinapitia bati. Nyaya zinapungua karibu nusu. Liinue gari kwa kreni, taa zitawaka kama kawaida.

Kinachotupotosha ni kufikiria umeme kama maji ya kuoshea vyombo, unamwaga uwanjani yanazama yamekwisha. Umeme lazima urudi kwenye chanzo chake chenyewe. Jaribu leo: chukua betri mbili za tochi na kitaa kidogo. Unganisha chanya ya betri moja na hasi ya nyingine kupitia kitaa, ncha mbili zilizobaki ziache wazi. Giza. Ziunganishe hizo zilizobaki, kitaa kinawaka. Chanya na hasi vilikuwepo tangu mwanzo, kilichokosekana ni njia ya kurudi.

Ethi ina kazi ya pili, kuwa sifuri ya kupimia. Kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895 kwa sababu tumekubaliana kuanzia usawa wa bahari. Tukiamua sifuri ni kileleni, basi Tanga iko hasi mita 5,895 na hakuna jiwe lililosogea. Ndivyo ilivyo kwa volti. Mita ina ncha mbili kwa sababu haiwezi kukupa volti za sehemu moja, inakupa tofauti ya sehemu mbili.

Hili nililijua kwa kuunguza redio. Nikiwa mwanafunzi wa gereji, ililetwa Land Rover ya zamani sana, zile za miaka ya 1950. Nikafunga redio mpya kwa mbwembwe zote: waya mwekundu kwenye fyuzi, bati la redio kwenye bodi. Moshi. Kumbe zile gari ziliunganisha CHANYA kwenye bodi. Kwa redio ile, waya wa fyuzi ulikuwa hasi volti 12 na bodi ndiyo ilikuwa juu, umeme ukaingia kinyume. Mwenye gari alikuwa mstaarabu, fundi wangu hakuwa. Lakini gari lenyewe lilikuwa likitembea vizuri miaka yote hiyo, ethi yake ikiwa chanya.

Sasa elektroni. Mwanasayansi Mmarekani Benjamin Franklin alipotoa majina ya chanya na hasi kwenye miaka ya 1740, hakuna aliyejua elektroni ni nini. Alibahatisha upande umeme unakotoka. Elektroni ikaja kugunduliwa na mwanasayansi Mwingereza J. J. Thomson mwaka 1897, ikaonekana inakwenda kinyume na upande aliobahatisha Franklin, ule tunaouchora kwa mshale. Vitabu na michoro vilikuwa vimeshajaa, mshale ukabaki vilevile mpaka leo, na alama ya dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inaufuata. Hesabu hazibadiliki hata kidogo. Chagua mshale mmoja ubaki nao, mimi natumia ule wa kutoka chanya.

Na usidhani elektroni zinakimbia kutoka betri mpaka taa kama bodaboda. Kwenye waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba unaopitisha ampia 1, zinajongea kama sentimita 26 kwa SAA nzima. Taa inawaka papo hapo kwa sababu waya umeshajaa elektroni tangu kiwandani, ukifunga swichi zinasukumwa zote kwa pamoja.

Kwa hiyo kuhusu fyuzi: kwa mkondo wenyewe haijalishi iko upande gani, mzunguko ni mmoja na ampia ni zilezile mahali pote. Inajalisha siku waya ukichubuka. Bodi nzima ni hasi, basi waya wa chanya ukigusa bati popote ni shoti. Fyuzi ikiwa karibu na betri upande wa chanya, inakatika. Ungeiweka upande wa kurudi, shoti ingeiruka na kurudi zake betrini kupitia bati, fyuzi ikibaki nzima huku waya unawaka moto.

Nyumbani ni habari nyingine, kule ethi inaingia ardhini kweli. Ila udongo ni njia mbovu ya umeme. Waya wa moto ukigusa bati la friji, ufito wa ethi uliochomekwa ardhini wenye ukinzani wa omu 50 kwenye volti 230 unapitisha ampia 4.6 tu, fyuzi ya ampia 32 haitashtuka, na wewe umeshika friji hiyo. Ndiyo maana watu wanafunga ile swichi inayokata ikiona miliampia 30 zimepotea njia. Na yule anayewafundisha watu kutumia ethi badala ya nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ili "kuokoa umeme" anawatafutia msiba.

Turudi kwenye gari lako. Dau langu ni ethi ya taa za nyuma. Glopu ya nyuma ina nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya usiku, na zote zinatumia njia moja ya kurudi. Hiyo njia ikiliwa na kutu, umeme wa breki ukifika hapo unakwama, unapanda kinyume kupitia uzi wa wati 5, unaingia kwenye waya wa taa za usiku, na taa za dashibodi ziko kwenye waya huohuo. Unapata njia kule, dashibodi inawaka kwa mbali. Nimewahi kuletewa gari la namna hii likiwa limeshabadilishwa glopu mara tatu na swichi ya breki mara moja.

Weka mita kwenye volti 20 DC, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye bati la soketi ya taa ya nyuma, mtu akanyage breki. Ikiwa nzima utaona chini ya volti 0.2. Lile nililosema lilisoma 6 na kitu. Dawa yake ilikuwa msasa, bolti moja na grisi kidogo. Pima kesho asubuhi, utuwekee namba hapa.