Kabla ya Kujiandikisha Kozi ya Kirusi ya Kila Siku Chuoni

Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia, vijana wa hapa Kigoma wanaojiandaa kwenda chuo kikuu huniuliza kama inafaa kuchukua Kirusi, hasa ile kozi ya hiari yenye vipindi vya kila siku, ambayo humaliza ndani ya muhula mmoja mambo ambayo wengine huyasoma mwaka mzima. Niliisoma kozi ya namna hiyo nilipokuwa mwaka wa pili, na lugha yenyewe ninaipenda hadi leo. Hata hivyo, wengi wao mimi huwashauri waiache, au wachukue ile ya kawaida yenye vipindi vichache kwa wiki, kwa sababu zinazohusu ratiba yao na kile watakachokifanya na Kirusi muhula ukishakwisha.

Hoja inayowavuta wengi ni ya ufadhili wa masomo. "Mjomba, nikishajua Kirusi si nitapata kwa urahisi nafasi ya kusoma Urusi?" aliniuliza mpwa wangu anayeishi Ujiji, na swali lake halikutoka hewani. Tangu utotoni tumesikia habari za watu waliosomea udaktari na uhandisi Moscow, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa mwaka uliofuata jina la Patrice Lumumba, mtu wa ng'ambo ya ziwa letu (jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarejeshwa mwaka 2023). Lakini wengi wa wanafunzi wa zama hizo hawakwenda huko wakiwa wanajua Kirusi. Walifundishwa hukohuko katika mwaka wa maandalizi, na utaratibu huo ungalipo. Mtu anayepata ufadhili wa serikali ya Urusi bila kujua lugha huanza kwa kusomeshwa lugha, kwa kawaida mwaka mmoja wa masomo, na anayetaka kusoma shahada ya kwanza kwa Kirusi hutakiwa kufikia kiwango cha B1, yaani cha kati. Katika kuomba ufadhili, matokeo yako ya masomo ndiyo hutazamwa, kwa hiyo kijana anayeiacha GPA yake (wastani wa alama zake) ishuke ili apate kwanza Kirusi anapunguza kile kinachohitajika kwa ajili ya kitu ambacho angepewa baadaye.

Sasa tuzihesabu saa. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huweka Kirusi katika kundi la lugha ngumu kwa mtu anayejua Kiingereza, na hukadiria wiki 44 hivi, yaani saa 1,100 za darasani, ili mtu aweze kukitumia kazini. Chukua kozi ya chuo yenye saa 10 kwa wiki katika muhula wa wiki 15: utapata saa 150. Ni mwanzo mzuri, lakini ni mwanzo tu, na kila saa ya darasani hudai saa nyingine ya kujisomea jioni hiyohiyo, kwa sababu kesho asubuhi mwalimu haanzi pale mlipoishia wewe na usingizi wako. Anaanza pale kitabu kilipoishia.

Watu huogopa herufi, ambazo ni 33, ingawa hizo huzoeleka upesi. Aliyepitia madrasa za Ujiji ameshazoea kuusoma mwandiko mwingine kabisa, na sauti ya "kh" anayo tayari. Kinachosumbua ni mwandiko wa mkono, kwani huko "t" huandikwa kama "m" yetu, "d" hufanana na "g", na "i" hufanana na "u", hivyo neno ulilolijua vizuri kitabuni hulitambui likiandikwa ubaoni. Baada ya hapo huja miisho ya nomino. Kitabu ni "kniga", lakini ukikisoma unasoma "knigu", kisipokuwepo unasema hakuna "knigi", na ukizungumza habari zake unazungumza "o knige". Vitabu viwili ni "dve knigi", ilhali vitano ni "pyat knig". Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu moja ambayo walimu hawaisemi mara kwa mara: ngeli zimeshatufundisha kwamba jina likibadilika, kivumishi na kitenzi hulifuata, na kwa hiyo jinsia tatu za Kirusi hazitushangazi. Miisho hiyo, hata hivyo, haieleweki kwa kusoma usiku wa kuamkia mtihani. Inataka kurudiwa kila siku hadi ulimi uizoee, na hapo ndipo kozi ya kila siku inapoishinda ile ya kawaida, mradi mwanafunzi awe na nafasi.

Mimi nafasi nilikuwa nayo, kwa kuwa muhula ule masomo yangu ya lazima yalikuwa machache na hayakuwa na maabara. Rafiki yangu wa uhandisi, mwenye akili kunizidi, aliondoka kabla ya katikati ya muhula, na ninaona alifanya vyema, kwa maana ripoti za maabara zingemfikisha kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwa mwanafunzi wa sayansi mwenye ratiba iliyojaa, jibu langu huwa ni hapana, hata kama anaipenda lugha. Kwa anayesomea isimu, uhusiano wa kimataifa au utalii, hasa anayetarajia kufanya kazi Zanzibar ambako wageni wa Kirusi huja, jibu langu ni ndiyo.

Wapo pia wanaotaka tu kuongeza lugha ya kigeni kwenye wasifu wao kisha warudi kufanya kazi huku kwetu. Hao mimi huwaambia bila kuzunguka kwamba Kifaransa kitawafaa zaidi. Burundi iko jirani, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na nyaraka za biashara na za mashirika yanayohudumia wakimbizi hukitumia kila siku. Kirusi ukirudi nacho Mwanga au Kibondo hutapata wa kuzungumza naye, na bila mazungumzo kile ulichokipata kwa saa 150 huanza kupotea kabla ya likizo kwisha.

Ukiwa bado unataka, nenda kwa mwalimu wa kozi kabla ya kujiandikisha umuulize kama hatua ya pili itafundishwa muhula unaofuata, na kama vipindi vyake vitagongana na masomo yako ya lazima. Akikujibu kwamba hatua ya pili hufunguliwa pale tu wanafunzi wanapokuwa wa kutosha, chukua ile ya kawaida. Akikuhakikishia kwamba ipo, jiandikishe, kisha tumia zile wiki za mwanzo ambazo chuo huruhusu kubadilisha masomo kujipima: kama kufikia siku ya mwisho ya kubadilisha bado unausoma ubao herufi moja moja, na kazi za masomo mengine zimeanza kulala, jaza fomu ya kuiacha siku hiyohiyo.