Chuma hakichuji rangi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia, Lubumbashi. Darasani tunafundisha kwa Kifaransa, ila jirani zangu wa Katuba wanaotia bilamba (nguo) rangi waliniuliza jinsi ya kusafisha yale mayi (maji) yanayobaki. Nikawajibu: "Kuna dawa ya chuma inayochuja rangi." Mwenzangu akanikosoa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu mwalimu, bilamba na mayi siviguse, ndicho Kiswahili cha mji wako. Kosa kubwa liko kwenye kuchuja.

Kinachochujwa hakipotei. Ukichuja chai, majani yanabaki kwenye chujio, na bado ni majani. Tena kwa wafua nguo, kitenge "kinachuja" pale kinapoachia rangi yake kwenye beseni. Jirani zako wameelewa ama rangi imekwama mahali, ama imezidi majini! Wewe ulikusudia rangi yenyewe iharibiwe. Katika mmenyuko ambao mkemia Mwingereza H. J. H. Fenton aliueleza mwaka 1894, chuma kilichoyeyushwa majini hukutana na peroksidi ya hidrojeni (kemikali ya majimaji ya hidrojeni na oksijeni) kwenye maji yenye asidi, pH (kipimo cha asidi) karibu 3, na hapo huzaliwa radikali za haidroksili, chembe zisizotulia, kali mno, zinazoshambulia molekuli za rangi. Rangi nyingi za vitambaa ni za jamii ya azo: atomi mbili za nitrojeni zimeshikana, na kiungo hicho kikikatika, wekundu au weusi wa maji hutoweka. Huko ni kuvunjavunja.

Nakusihi usikuchanganye na kupausha. Maji yanaweza kupauka kabisa huku vipande vya molekuli, vingine vyenye sumu, vingali vimo. Ukiwaambia jirani zako rangi "imefutika," wataona maji meupe na kuyaamini.

Neno dawa nalo halifai, kwani dawa hutumika ikaisha. Sema kichocheo, kutokana na kuchochea moto: anayechochea makala kwenye mbabula (jiko la makaa) hageuki majivu. Chuma hutoa elektroni (chembe ndogo za umeme ndani ya atomi), kisha hurudishiwa, kikaanza kazi upya. Peroksidi ndiyo inayokwisha. Usiseme mchochezi, huyo ni mgombanishi wa watu. Na kwa kuwa homoni nazo huitwa vichocheo, darasani ongeza "cha kikemia."

Limebaki neno chuma. Wengi hukiita hivyo kila kitu kigumu kinachong'aa, lakini katika mji uliokulia juu ya shaba na kobalti tofauti ina maana, kwa sababu shaba na kobalti pia huchochea mimenyuko ya namna hii. Chuma kiwe kile kinachoshika kutu. Jamii nzima iite metali.

Kwa hiyo waambie: "Kuna kichocheo cha metali kinachosaidia kuvunjavunja rangi iliyo ndani ya mayi." Wakikuuliza kichocheo ni nini, waonyeshe mbabula.