Jibu: Uzamili wa drama kwa mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu, umeuliza kama uzamili wa drama utamfaa mwalimu wa Kiswahili hapa Nairobi, au ni wa wanaotaka jukwaa tu. Utakufaa, ila pitia orodha ya kozi kwanza. Uzamili wa sanaa za maonyesho, kama pale Chuo Kikuu cha Kenyatta, si sawa na ule wa kufundisha kwa drama, ambao ukiufuatilia utakutana na Dorothy Heathcote, mwalimu wa drama wa Uingereza. Kwake, mwalimu naye huingia katika igizo. Unavaa kofia ya chifu, darasa linageuka baraza, na yule mwanafunzi wa nyuma asiyefungua kinywa anasimama kukuuliza pesa za kisima zilienda wapi. Hapo insha ya hoja imeshaanza, na hakuna aliyepigiwa makofi. (Tamasha za drama tunazipenda, lakini kombe halifundishi darasa zima.)

Soko lipo: Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ilipoanza 2026, mkondo wa Sanaa na Michezo uliingia na maigizo. Likizo ya masomo iombe TSC, tume inayoajiri walimu, kwa maandishi kabla hujalipa karo. Na tasnifu, ifanyie darasani kwako mwenyewe.