NEURON au Brian? Anza na seli moja kwanza

Mkuu, umeuliza uanze na NEURON au Brian, zile programu za kuiga seli za neva kwenye kompyuta. Kama lugha ya Python ndo unaijua kidogo usikimbilie hizo saa hizi, andika mwenyewe kodi ya seli moja ya neva, ile rahisi kabisa, volteji inaanza -70 mV, unaipa mkondo wa umeme inapanda huku inavuja kama ndoo iliyotoboka, ikigusa -50 hivi unahesabu imefyatua, yani imetuma mpigo wa umeme, halafu unairudisha chini, yani mistari michache tu. Ukiiweza ndo uende modeli ya Hodgkin na Huxley ya 1952, ile ya neva ya ngisi, ina milango ya sodiamu na potasiamu, na hapo hatua za muda kwenye hesabu ziwe ndogo, mfano 0.01 ms, ukiweka kubwa grafu itakudanganya. Baadaye sakiti za seli nyingi nenda Brian, NEURON ni pale unapotaka umbo la seli na matawi yake.