Maswali ya wasomaji: pompa ya esansi inayovimba, na abiria wanaotoa unga mweupe

SWALI: Papa Mhariri, babu aliniachia katoni ya vifaa vya treni ya kuchezea: pompa nne za esansi, geti la reli la bati na abiria kumi na mmoja. Pompa mbili zina nyufa nyembamba, na moja kati ya hizo imevimba kitako hadi haisimami. Nizibandike kwa gundi? (Kamalondo, Lubumbashi)

JIBU: Pole, ndugu. Gundi itashika ufa wa leo tu. Ugonjwa wenyewe uko ndani ya metali. Geuza pompa usome kitako, huenda ukakuta jina la Dinky Toys. Meccano ya Liverpool ilianza kuuza magari madogo ya kuandamana na treni zake za kuchezea za Hornby mwaka 1933, na mwaka uliofuata yakaitwa Dinky Toys. Zinki ya kumiminia ya miaka ile, kabla ya Vita Kuu ya Pili, mara nyingi iliingiwa na metali ya risasi kidogo sana. Unyevu ukipenya hula mipaka ya chembe za metali, kitu kinavimba, kisha kinapasuka. Hakuna dawa. Ila hakiambukizi, kwa hiyo usitupe pompa nzima mbili kwa hofu.

Usiibane, usiinyooshe, usiipake rangi mpya. Ifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, si sponji, maana sponji ikizeeka hunata kwenye rangi. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikiwa kazini, weka pakiti za silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) ndani ya sanduku la plastiki linalofunga vizuri, mbali na bati la paa linalochemka mchana.

Iliyovimba itengenezee nakala sasa, kabla haijawa vipande. Ziba nyufa kwa nta laini ya mshumaa, mimina juu yake silikoni ya kutengenezea kalibu, kisha ndani ya kalibu mimina rezini (plastiki ya maji inayoganda). Udongo wa kuchezea wenye salfa usiuguse: huzuia aina fulani za silikoni zisigande. Nakala itatoka kubwa kidogo, kwa kuwa ya asili imeshavimba. Ipige msasa kitakoni. Andika chini yake "nakala", ili atakayeinunua kesho asidanganyike.

Geti la bati lifute kwa pamba yenye tone la mafuta ya cherehani. Palipo na maandishi ya kubandika, pita pembeni.

SWALI: Najenga kituo kinachofanana na reli yetu. Ninunue vifaa vya kipimo gani? (Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Reli ya hapa ina upana wa milimita 1,067, wakati ile ya Ulaya ni 1,435. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Njia ya kuchezea ya milimita 16.5 katika kipimo cha 1:87, yaani kitu halisi kilichopunguzwa mara 87, ni reli ya Ulaya. Njia hiyohiyo ukiizungushia majengo na magari ya 1:64 inakaribia sana reli yetu: 1,067 ukigawa kwa 64 ni 16.7. Sisi tungechagua hiyo, ingawa mabehewa utayajenga mwenyewe.

Sokoni chukua rula. Mtu mzima wa mita 1.75 ana milimita 41 katika 1:43, 27 katika 1:64, 23 katika 1:76 na 20 katika 1:87. Pompa na alama za barabarani za zamani hazikufuata kipimo kwa ukali. Pima mtu au mlango kwanza.

SWALI: Abiria wangu wa risasi wanatoa unga mweupe. Ni vumbi? (Kamalondo)

JIBU: Hapana, Mama, ni risasi inayoliwa na mvuke wa asidi, ambao hutoka kwenye kabati la mwaloni, mbao zilizounganishwa kwa gundi na katoni mbovu. Wahamishie kwenye sanduku la chuma au kioo. Vaa glavu, futa unga kwa kitambaa kibichi ukitupe, usiupulize wala usiupige brashi kavu: ni sumu. Nawa mikono, na watoto wasiwachezee.